Mluzi wa Lango la Nyuma

London, 11 Machi 1996

Mama Mdogo mpendwa,

Jana asubuhi mtu wa maziwa alipita chini ya dirisha langu akipiga mluzi, nikajikuta nimesimama na mswaki mdomoni, mkono nimeunyoosha kama mtu anayetafuta komeo. Ulikaribia kufanana na ule. Sauti mbili za kupanda, moja ya kushuka, kimya kidogo, halafu ile ya kushuka tena. Sura ya Baba Mdogo Clive nimeisahau. Nikijaribu kuikumbuka naona koti tu. Lakini mluzi wake wa kuomba afunguliwe lango la nyuma haujanitoka, wala vishindo vya Kerry wako akikimbia uani kwenda kuvuta komeo kabla yangu. Yeye alikuwa na miaka minane, mimi kumi na mitano, na bado alinishinda.

Najua hupendi nimtaje Baba Mdogo tangu alipoondoka.

Hamjambo huko? Goti lako je? Masikio bado yanavuma ukitoka kiwandani? Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho ulipokea ukasema "Hatununui!" ukakata, basi naona barua ni salama zaidi. Mimi mzima. Chumba changu ni kidogo na mwenye nyumba ana paka watatu wanaonichukia.

Sasa jambo lenyewe. Bwana Adrian Whitcombe, yule mwongozaji wa filamu ninayemtafutia watu na mahali, anatengeneza filamu mpya. Unakumbuka nilivyokusimulia? Filamu zake ni za watu kama sisi. Nilipoiona ya kwanza nikiwa chuoni nililia, kwa sababu sikuwahi kuona jiko kama letu kwenye sinema. Kabla ya hapo jikoni kwenye sinema kulikuwa na mpishi.

Anataka mtaa, nimempa wetu. Anataka msichana ambaye hajawahi kuigiza, nimemwonyesha picha ya Kerry, na akasema huyu huyu. Nilimsimulia mengi juu yetu, hata ule mluzi. Aliweka kikombe chini akaniomba nirudie.

Watawalipa wewe na Kerry, na watakuwa waungwana. Tafadhali kubali.

Wako,
Lorraine


Grimsby, 29 Machi 1996

Lorraine mwanangu,

Barua yako ilifika Jumanne ikiwa imemwagikiwa na chai, kwa sababu Bi Pinder wa jirani aliipokea kimakosa na akaifungua kimakosa na akaisoma kimakosa. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua habari zangu kabla yangu.

Goti lipo. Masikio yapo, hayafanyi kazi. Ukisimama miaka ishirini na mbili kando ya mashine ya kukata samaki, na wewe utawaambia watu hununui. Mzee Tasker wa nyumba ya mwisho amelazwa na ametoka, anasema chakula cha hospitali kilikuwa kizuri na anapanga kurudi.

Mambo ya mwanzo ya barua yako sikuyasoma. Chai ilimwagikia hapo.

Kerry anakubali, mradi wasimpotezee siku za chuo. Sijui kama nilikuambia, darasa la uashi lina wavulana kumi na tisa na yeye. Mwalimu wake anasema hajaona mkono uliotulia kama ule, na Septemba kuna fundi mjenzi wa hapa anamchukua mwanagenzi. Jumamosi alibomoa ule ukuta wetu wa uani uliokuwa umebinuka, akaanza kuujenga upya. Mimi nilimshikia pimamaji. Tulicheka mpaka Bi Pinder akatoa kichwa kuuliza nani kafa.

Anauliza, huyo msichana wa kwenye filamu anafanya kazi gani? Na anasema, "Mwambie Lorraine wakinivalisha gauni nawarushia tofali."

Nitapaka rangi sebule. Watu wa London wasije wakasema tunaishi kama nguruwe.

Doreen


London, 15 Aprili 1996

Mama Mdogo,

Usipake rangi. Nakuomba. Iache nyumba ilivyo.

Nimefurahi sana kwa Kerry. Msichana wa kwenye filamu hana kazi. Ndiyo maana ya filamu yenyewe. Zaidi ya hapo siwezi kusema, si kwa ubaya. Bwana Whitcombe hampi mwigizaji yeyote hadithi nzima. Kila asubuhi anampa maneno ya siku hiyo tu, na mengine hampi kabisa, ili jambo likimpata limpate kweli. Ndiyo sababu watu katika filamu zake hawaonekani kama wanaigiza. Hata mimi sijui mwisho.

Kwa kuwa Kerry hajatimiza miaka kumi na minane, kila jioni watakuletea karatasi ya ridhaa uisaini. Bila saini ya mzazi, walichopiga siku ile hakiwezi kuonyeshwa. Ni sheria, na ni kinga yenu.

Mimi nitabaki huku kutafuta waigizaji wengine. Nisalimie Tasker.

Lorraine


Grimsby, 23 Juni 1996

Lorraine,

Goti halijambo, asante kwa kutouliza.

Nilipaka rangi. Sebule niliipaka rangi ya maziwa, nikafua mapazia, nikasugua kizingiti cha mbele mpaka goti lililo zima likafanana na lile bovu. Si mimi peke yangu. Mtaa mzima ulisugua. Tasker, ambaye hajaoga tangu timu yetu ishuke daraja, alinunua maua akayaweka dirishani. Kamera inakuja! Ungefanyaje wewe, ungekaa na vumbi?

Wakaja Jumatatu, watu wanane, yule bwana wako Whitcombe mbele, kavaa koti la wavuvi ambalo sijui mvuvi gani angemudu kulinunua. Akasimama sebuleni, akatazama huku na huku. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama daktari, "Bi Blanchard, nyumba imepatwa na nini?"

"Imesafishwa," nikamwambia.

"Lorraine alinionyesha picha..."

"Picha ile ilipigwa siku tulipomzika mama yangu. Tulikuwa na mengine ya kufanya."

Basi mchana wakaja vijana wawili na ndoo ya rangi ya udongo kuchafua ukuta wangu. Kuuchafua, Lorraine! Kwa brashi ndogo, kwa ustadi, msichana mmoja anachora ukungu pembeni mwa dirisha kama anapamba keki ya harusi. Nikamuuliza kazi hii kaisomea wapi. Chuoni, miaka mitatu. Nikamwonea huruma mama yake. Vikombe vyangu wakavifungia, wakaleta vyao vyenye mapengo. Halafu wakanunua kochi bovu la Bi Pinder wakaliweka uani kwangu, na sasa Bi Pinder kila asubuhi ananiuliza kochi lake linaendeleaje na kazi.

Jua likawaka siku tatu. Unalijua jua la hapa, likiwaka siku tatu watu wanajiuliza wamekosea nini. Wao wakakaa ndani ya gari. Tasker akawagongea kioo.

"Jamani, mnamngoja nani?"

"Mawingu," wakamjibu.

"Mngekuja Novemba. Tungewapa na ya kubeba."

Kerry anaigiza msichana anayeiba dukani na kunusa gundi. Kerry hajui gundi inanuswaje. Alinusa, akapiga chafya, kila mtu akacheka, bwana wako akasimamisha kamera.

"Kerry, usicheke. Huyu msichana hacheki."

"Kwani ana meno mabovu?"

"Maisha yake ni magumu."

"Mama yangu anasimama kwenye barafu ya samaki saa nane kwa siku," Kerry akamwambia, "na ndiye anayenichekesha kuliko wote."

Bwana akasema ndiyo, ndiyo, safi sana, turudie, bila kucheka.

Lakini niseme na zuri. Alhamisi Kerry alimwambia bwana wako ule ukuta wa bandia waliousimamisha umejengwa na mlevi, akachukua mwiko akamwonyesha ukuta unavyojengwa. Wakampiga picha. Saa nzima, matofali matano kwenda juu, anaimba huku anafuta chokaa iliyozidi kwa kidole. Sikumsikia, lakini nilimwona koo likicheza. Hicho ndicho ninachotaka kukiona kwenye sinema. Kwa hicho wakichafua hata paa nitawasamehe.

Karatasi nasaini kila jioni, na kila jioni nawauliza lini wanarudisha ukuta wangu ulivyokuwa.

Doreen


Grimsby, 9 Julai 1996

Lorraine,

Jana watu wa filamu walituambia hakuna kazi. Saa kumi alasiri nilikuwa namenya viazi. Kerry alikuwa amekaa sakafuni anavua buti.

Mimi sikusikia kitu. Nilimwona Kerry akiinua kichwa. Nikajua. Uso ule sijauona tangu alipokuwa na miaka minane.

Alikimbia na soksi, akavuta komeo la lango la nyuma. Kichochoroni alikuwapo mwanamume asiyemjua, kavaa koti, na nyuma yake kamera. Wakamwacha asimame pale, anawatazama. Muda gani sijui. Nilifika na beseni, nikawamwagia maji ya viazi pamoja na maganda yake. Bwana wako alikuwa anasema kitu, nikamsoma midomo. "Ajabu. Ajabu kabisa." Hakuwa ananiambia mimi.

Jioni wakaleta karatasi. Sikuisaini.

Mluzi ule unajulikana na watu wanne duniani. Mmoja aliondoka. Mmoja ni kiziwi. Mmoja alikimbia na soksi.

Doreen


London, 26 Agosti 1996

Mama Mdogo mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi, na joto la hapa limekuwa la kuchosha. Paka mmoja wa mwenye nyumba amekufa na mimi ndiye ninayeshukiwa. Natumaini nyote wazima, na kwamba Tasker hajarudi tena kwa wapishi wake wa hospitali. Wiki hii kumetokea mgomo wa posta pia, labda hata barua zako nyingine zimekwama.

Filamu imekwisha kuunganishwa. Wiki iliyopita ilionyeshwa katika chumba kidogo kwa watu thelathini hivi, walioitolea fedha na waandishi wawili. Nilikaa nyuma. Mtaa wetu unaonekana mkubwa na wa kijivu, kama uko chini ya maji. Niliuona mlango wetu. Kisha nikaona ukungu pembeni mwa dirisha, nikakumbuka barua yako, na kwa dakika kadhaa sikuweza kufuatilia.

Hakuna anayecheka, Mama Mdogo. Nilihesabu. Saa moja na dakika arobaini na hakuna meno. Tasker anapita mara moja, bila maua. Kerry akijenga ukuta hayumo. Nilimuuliza Bwana Whitcombe, akasema kilikuwa kipande kizuri lakini watazamaji hawatakiamini. Nikamwambia, lakini ndicho cha kweli pekee, kile kingine ulimfundisha. Akanipiga begani akasema mimi niko karibu mno na jambo hili.

Mwisho wa filamu ni Kerry langoni. Kamera inakaa usoni mwake karibu dakika nzima. Watu walilia. Mama mmoja mwenye lulu shingoni alinishika mkono. "Watu kama hawa mnawapata wapi?" akaniuliza. Nikasema Grimsby. Nilisema kwa sauti ndogo, na bado sielewi kwa nini sikusema kwetu.

Ulikuwa na haki ya kukasirika kuhusu ile siku ya Julai. Bwana Whitcombe ana njia zake. Kuhusu karatasi usijisumbue, mambo yamekaa sawa. Filamu inaanza kuonyeshwa nchi nzima Novemba.

Wako,
Lorraine


Grimsby, 8 Septemba 1996

Lorraine,

Wiki saba, na ukaniandikia kuhusu paka.

Barua zangu hazikukwama popote. Sikukuandikia.

Kerry ameanza kazi. Anarudi na saruji kwenye nyusi, anakula kama farasi, analala. Fundi anasema atafika mbali. Mtu akimwangalia hivi hivi ataona hana neno. Lakini kila jioni mimi nafunga komeo la lango la nyuma, na kila asubuhi nalikuta limefunguliwa. Sijamuuliza. Hajaniambia. Jana nililifunga mara mbili.

Kitu kimoja tu amesema, Jumapili, tunaosha vyombo, akanigeukia nimwone midomo. "Mama, wakiuonyesha uso ule na baba akauona, popote alipo, atajua bado ningekimbia." Kisha akaendelea kufuta sahani. Nilisubiri mzaha ufuate, maana kwa Kerry huwa unafuata. Haukufuata.

Basi nataka uwaambie. Hafikirii kochi wala rangi, wala mimi sifikirii. Wasionyeshe uso ule. Mengine yote waonyeshe wanavyotaka, waseme sisi ni wezi na hatuna meno, tutaishi. Ule hapana.

Na uliniambia bila saini yangu hauwezi kuonyeshwa. Umeonyeshwa. Mambo yamekaa sawa vipi, Lorraine? Nani aliyaweka sawa? Nakumbuka zile barua ulizokuwa ukiwapelekea walimu kwamba unaumwa, zenye jina langu chini. Mwalimu mkuu alinionyesha zote. Sikukuambia, kwa sababu mama yako alikuwa amefariki mwaka ule na niliona una haki ya kuumwa. Ulikuwa unaiandika D yenye mkia mrefu kuliko yangu.

Doreen


London, 4 Oktoba 1996

Mama Mdogo,

Sijambo. Sitakuuliza habari, kwa sababu umekwisha kunipa na sikuwa nimestahili.

D ile ina mkia mrefu kuliko yako. Ni mimi.

Karatasi ile ilifika ofisini siku tatu baada ya barua yako ya Julai. Bwana Whitcombe aliiweka mezani kwangu akasema, "Lorraine, unajua kinachokosekana hapa." Hakusema zaidi, wala mimi sikumwacha aseme. Nilichukua kalamu. Mkono ulikumbuka wenyewe, kama nina miaka kumi na mitano na siku nzima mbele yangu ya kukaa ufukweni. Nilijiambia kwamba uso wa Kerry ni mkubwa kuliko hasira yako. Nilijiambia kwamba watu watatuona hatimaye. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, niliyasomea.

Na mluzi pia ni mimi, hilo unalijua. Niliusimulia kwa sababu alikuwa ananisikiliza. Miaka sita huku, na hakuna aliyewahi kuweka kikombe chini kwa sababu ya kitu nilichosema. Nilipoona kimewekwa chini, nilirudia. Niliupiga pale pale kwenye meza yake, ili ausikie vizuri.

Baada ya barua yako nilikaa wiki tatu nikiandika majibu na kuyachana. Yote yalikuwa yananieleza mimi. Kisha Jumatatu nilikwenda kwa mwanasheria wa kampuni, Bi Hargreave, nikamwambia saini ya tarehe nane Julai si ya mama yake Kerry, ni yangu, na mama alikataa. Akaniuliza kama naelewa ninachosema. Nikamwomba karatasi, nikakiandika, nikasaini, safari hii jina langu.

Bwana Whitcombe aliniita saa ile ile. Hakufoka. Ningependa angefoka.

"Uso ule ndio filamu," alisema. "Ule ni ukweli mtupu. Umekaa sinema ngapi ukaona ukweli kama ule?"

"Sekunde tano baadaye mama yake anatokea na beseni la maji ya viazi," nikamwambia. "Huo nao ni ukweli, na kamera ilikuwa bado inazunguka. Mbona ule uliukata?"

Alifikiri kweli, namsifu kwa hilo. Akasema, "Ungechekesha."

Halafu akafungua droo akanipa tiketi ya treni ya kuja Grimsby, kwenda na kurudi, na karatasi mpya isiyo na saini. Nije nikubembeleze wewe. Alisema mimi ninaijua lugha yenu. Yenu, alisema, na mimi nimekaa mbele yake. Nikamrudishia vyote viwili, na funguo za ofisi juu yake. Kwa hiyo kazi sina, na Bi Hargreave anasema nishukuru ikiishia hapo.

Kipande kile kimeondolewa. Sikutaka kuambiwa kimeondolewa, nilikwenda chumba cha uhariri nikasimama mlangoni mpaka kikakatwa, pamoja na filamu ya asili iliyotoka ndani ya kamera. Filamu sasa itaishia na anga juu ya paa zetu. Mawingu anayo ya kutosha.

Kipande cha Kerry akijenga ukuta nilikiomba. Walikuwa wamekwisha kukitupa, tangu Julai. Hilo siwezi kulirekebisha, na nimelilia kuliko kazi.

Mwambie Kerry baba yake hatauona, popote alipo. Sitaomba unisamehe kwenye karatasi, nimekwisha kuona karatasi zangu zinavyofanya. Nikija nitakuja mlango wa mbele, na nitagonga kwa nguvu ili uuhisi ubao ukitetemeka. Usipofungua nitajua umeuhisi.

Mhariri alitaka kukitupa kile kipande kwenye pipa. Nilimwambia kina mwenyewe. Nimekikunja pamoja na kile cha asili, nikavitia ndani ya kopo la biskuti bila kuvinyanyua kwenye mwanga, nikaandika juu jina la Kerry Blanchard, na asubuhi, kabla sijaanza kuandika barua hii, nikaenda nikaliposta.

Lorraine